Silikoni katika vipodozi: Asili yake, kazi yake na tahadhari zake

MNUNUZI wa mafuta ya nywele yaliyoandikwa jina la nazi au la argani kwa herufi kubwa huamini kwamba ameuziwa mafuta ya mti. Akiigeuza chupa na kusoma maandishi madogo ya upande wa nyuma, mara nyingi atakuta kwamba kiungo kilichotangulia orodha si mafuta ya mti wowote, bali ni silikoni. Jina lililopamba chupa hulipata baadaye, pengine karibu na manukato na rangi.

Silikoni imo katika shampuu, kondishena, seramu za nywele, losheni za mwili, krimu za uso, mafuta ya kukinga miale ya jua, poda, rangi za midomo na viondoa harufu ya kwapa. Wapo wasusi wanaoisifu kwa kuzipa nywele mng'ao na kuzifanya zipitike kitana. Wapo pia wanaodai kwamba huziba ngozi, huua nywele na hata kuleta saratani. Baina ya sifa na lawama hizo, mnunuzi huachwa njia panda, ilhali fedha zinazotumika ni zake na mwili unaopakwa ni wake.

Makala haya yanaeleza silikoni ni nini, ilitoka wapi, hufanya kazi gani kwenye nywele na ngozi, na ni zipi kati ya tuhuma zinazoielekea zenye msingi.

SILIKONI NI NINI?

Katika Kiswahili, neno silikoni hutumika kwa vitu viwili tofauti, na hapo ndipo mkanganyo wa kwanza unapoanzia. Cha kwanza ni elementi asilia ambayo, baada ya oksijeni, ndiyo iliyo nyingi zaidi katika gamba la dunia. Uzito wake ni takriban asilimia 28 ya gamba hilo. Haipatikani ikiwa peke yake, bali huwa imeungana na oksijeni katika mchanga, mawe na udongo. Elementi hiyo ndiyo hutengenezewa vipuri vya kompyuta na paneli za umeme wa jua.

Cha pili, ambacho ndicho kinachohusu vipodozi, ni dutu iliyobuniwa na binadamu kwa kuiunganisha elementi hiyo na oksijeni, kaboni na haidrojeni. Umbo lake ni mnyororo mrefu: atomu ya silikoni, kisha oksijeni, kisha silikoni tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila atomu ya silikoni hubeba pembeni vikundi vidogo vya kaboni na haidrojeni viitwavyo methili.

Kwa hiyo, uti wa mgongo wa mnyororo huo unafanana na kioo, na mbavu zake zinafanana na mafuta. Muungano huo ndio unaoipa tabia zake zisizo za kawaida. Huvumilia joto kali, hufukuza maji, haiozi, haina harufu, na minyororo yake hupindika na kuteleza kwa urahisi.

Utengenezaji huanza na mawe au mchanga wa kwatzi, ambao hupashwa moto pamoja na kaboni katika tanuri la umeme hadi elementi ya silikoni itengane na oksijeni. Unga wake hukutanishwa na gesi ya methili kloridi kwa joto la nyuzi 300 hivi, shaba ikitumika kama kichocheo. Zao lake likichanganywa na maji, minyororo huanza kuundika. Mafundi huweza kuifanya mifupi ikawa myepesi kuliko maji, au mirefu ikawa mizito kama ulimbo.

ILIVYOANZA

Elementi ya silikoni ilitenganishwa mwaka wa 1824 na mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kabla ya mwanakemia Mwingereza, Frederic Stanley Kipping, kuanza kuchunguza kwa kina viungo vinavyotokana nayo katika chuo cha Nottingham. Yeye ndiye aliyezipa silikoni jina lake, mwanzoni mwa karne ya 20.

La ajabu ni kwamba Kipping mwenyewe hakuziona kuwa na manufaa. Zile dutu nzito za kunata zilizobaki katika vyombo vyake alizihesabu kuwa usumbufu. Katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka wa 1937, alieleza kwamba hakutarajia maendeleo makubwa katika taaluma hiyo.

Muda mfupi baadaye mambo yaligeuka. Nchini Marekani, James Franklin Hyde wa kampuni ya vioo ya Corning alikuwa tayari ameanza kuzitafutia matumizi ya viwandani. Mwaka wa 1940, Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric aligundua njia rahisi ya kuzitengeneza kwa wingi, ile ya kutumia shaba iliyotajwa hapo juu. Mwanakemia Mjerumani, Richard Müller, aliifikia njia hiyo hiyo bila kujua kazi ya mwenzake. Mwaka wa 1943, vita vya pili vya dunia vikiendelea, kampuni ya Dow Corning iliundwa, na silikoni ikatumika kuzuia unyevu katika mifumo ya umeme ya ndege za kivita.

Baada ya vita, viwanda vilitafuta masoko mapya. Katika miaka ya 1950 silikoni iliingia kwenye losheni za mikono. Mageuzi makubwa ya upande wa nywele yalitokea mwaka wa 1987, kampuni ya Procter & Gamble ilipouza Pert Plus, shampuu iliyoosha na kulainisha nywele kwa mara moja. Siri yake ilikuwa matone madogo mno ya silikoni yaliyoelea ndani ya sabuni, yakabaki kwenye nywele povu lilipooshwa.

AINA ZINAZOTUMIKA

Silikoni si kitu kimoja. Ni ukoo mkubwa, na watu wa ukoo huo hawana tabia sawa. Anayezisifu au kuzilaani zote kwa pamoja hukosea mwanzoni.

Dimethikoni ndiyo inayojulikana zaidi. Ni mnyororo mnyoofu, haiyeyuki katika maji, na hubaki mahali ilipopakwa hadi ioshwe. Huwekwa katika kondishena, losheni, krimu za kukinga ngozi na vipodozi vya uso.

Kundi la pili ni silikoni za duara, ambazo mnyororo wake umejipinda na kuungana ncha kwa ncha. Huitwa kwa ufupi D4, D5 na D6, kulingana na idadi ya atomu za silikoni katika duara. D5, ambayo jina lake kamili ni saiklopentasiloksani, ndiyo iliyotumika sana katika seramu za nywele na viondoa harufu ya kwapa. Kazi yake ni kubeba viungo vingine, kuvitandaza, kisha kuruka hewani na kuviacha. Huacha ngozi ikiwa kavu na laini kama hariri. Kwa sababu huhitaji joto dogo mno ili kugeuka mvuke, haileti ule ubaridi unaosikika spiriti inapokauka.

Kundi la tatu ni amodimethikoni, ambayo imeongezewa vikundi vyenye naitrojeni ili ishikamane na nywele zilizoharibika. Kundi la nne ni silikoni zilizounganishwa na dutu zinazopenda maji, ambazo huoshwa kwa urahisi. Majina yake kwenye lebo huanza kwa herufi PEG na kufuatwa na nambari. Zipo pia zilizotengenezwa mahsusi kuongeza mng'ao, kwa kuwa huurudisha mwanga vizuri kuliko dimethikoni ya kawaida.

KAZI YAKE KWENYE NYWELE

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyopangwa mithili ya vigae vya paa, kila kimoja kikikalia ncha ya mwenzake. Juu ya magamba hayo mna tabaka jembamba la mafuta ya asili lililofungamana nayo, ambalo huyafukuza maji na kuzifanya nywele ziteleze zinapogusana.

Tabaka hilo ni rahisi kuharibu. Dawa kali za kunyoosha nywele, dawa za kubadilisha rangi, jua, kuchana kwa nguvu na pasi ya moto hulitoa na kuyainua magamba. Nywele hunyonya maji kupita kiasi, hukwaruzana, hujisokota na kukatika. Nywele za Kiafrika zina taabu ya ziada: kwa kuwa zimejikunja, mafuta yatokayo kichwani hayashuki hadi kwenye ncha, na kila kona ya mkunjo ni mahali dhaifu panapoweza kukatika.

Hapo ndipo silikoni hufanya kazi yake. Mvutano wa uso wake ni takriban milinewtoni 21 kwa mita, ilhali ule wa maji ni 72. Kwa hiyo hujitandaza yenyewe juu ya unywele na kuacha utando mwembamba. Utando huo hupunguza msuguano, na kitana hupita bila kuzivunja nywele. Mwanga huakisiwa kwa usawa, nywele zikang'aa.

Amodimethikoni huenda hatua moja mbele. Sehemu za unywele zilizoharibika huwa na chaji hasi nyingi zaidi. Vikundi vya naitrojeni vya silikoni hiyo huwa na chaji chanya, navyo hung'ang'ania hasa pale penye madhara. Baada ya sehemu hizo kufunikwa, chaji zilizokwisha kukaa huzifukuza zile zinazofuata, ndiyo sababu aina hii haijilimbikizi sana.

Hata hivyo, ni muhimu ieleweke kwamba silikoni haiponyi unywele. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, na hakuna mafuta wala dawa inayoweza kuufufua. Chupa inayodai kwamba inatengeneza upya nywele zilizokatika inaeleza jinsi zitakavyoonekana na kushikika, wala si jinsi zilivyo.

JOTO LA PASI

Wanawake wengi hupaka seramu yenye silikoni kabla ya kutumia mashine ya kukaushia nywele au pasi ya kunyoosha, ambayo hufikia nyuzi 200 na zaidi. Utando wa silikoni hupitisha joto polepole, hivyo kuupa unywele nafasi ya kupata moto kwa usawa badala ya kuungua sehemu moja. Ulinzi huo ni wa kweli lakini una mipaka. Pasi ikirudiwa mara nyingi mahali pamoja, au ikitumiwa kwenye nywele zenye unyevu, nywele zitaungua hata zikiwa zimepakwa.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wasusi. Mwaka wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliripoti kwamba silikoni za duara, hasa D5, hujaa kwa wingi katika hewa ya chumba watu wanapotengeneza nywele, na kwamba joto la vifaa huongeza kiasi hicho. Mteja hukaa saa moja na kuondoka. Msusi huivuta hewa hiyo kutwa, siku 6 kwa wiki. Ingawa madhara yake ya muda mrefu bado yanachunguzwa, kufungua madirisha na kuweka feni inayotoa hewa nje ni tahadhari isiyogharimu sana.

KAZI YAKE KWENYE NGOZI

Ngozi hupoteza maji wakati wote kupitia tabaka lake la juu. Kipodozi kinachofunika ngozi hupunguza upotevu huo. Mafuta mazito ya petroli, yajulikanayo kwa wengi kama vaselini, ndiyo bingwa wa kazi hiyo, kwani huweza kupunguza upotevu wa maji kwa zaidi ya asilimia 98. Mafuta mengine mengi, zikiwemo silikoni, hupunguza kwa asilimia 20 hadi 30 hivi.

Kwa nini basi watengenezaji huchagua silikoni? Ni kwa sababu vaselini hunata, hung'aa na huchafua nguo, jambo lisilopendwa hasa katika maeneo ya joto kama vile Pwani. Dimethikoni huacha ngozi ikiwa laini na kavu. Aidha hujaza mikunjo midogo ya uso ili poda ikae vizuri, na hufanya mafuta ya kukinga jua yasiondoke upesi kwa jasho au maji.

Dai kwamba silikoni huizuia ngozi kupumua halina msingi. Ngozi haipumui kama mapafu. Oksijeni yake nyingi huletwa na damu. Vilevile, utando wa dimethikoni hupitisha mvuke. Dimethikoni yenyewe huhesabiwa miongoni mwa viungo visivyosababisha chunusi. Hata hivyo, krimu nzito inayodumu usoni pamoja na jasho na vumbi inaweza kumletea chunusi mwenye ngozi ya mafuta, hasa asipoiosha kabla ya kulala. Kosa huwa katika mchanganyiko mzima na mazoea ya mtumiaji, wala si lazima liwe la kiungo kimoja.

MATUMIZI YA TIBA

Wanaodhani kwamba silikoni ni urembo mtupu watashangaa kusikia kwamba imo pia katika kabati la dawa. Nchini Marekani, Shirika la Chakula na Dawa, FDA, hutambua dimethikoni ya asilimia 1 hadi 30 kama kiungo cha kulinda ngozi katika dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ndiyo sababu huwekwa katika krimu za kuzuia vipele vya nepi na za kulinda mikono ya wanaoshika maji na sabuni kila siku.

Dimethikoni ikichanganywa na silika hutumika katika dawa za kumeza za kupunguza gesi tumboni. Na mwaka wa 2005, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti kuhusu losheni ya dimethikoni ya asilimia 4 dhidi ya chawa wa kichwani. Losheni hiyo haiwaui wadudu hao kwa sumu, bali kwa kuwafunika na kuziba matundu yao madogo ya mwilini. Kwa hiyo huwafaa pia chawa waliokwisha kuzoea dawa za kawaida.

Matumizi yanayowagusa Waafrika kwa karibu ni yale ya makovu. Watu wenye ngozi nyeusi huathiriwa zaidi na keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuenea kupita mipaka ya jeraha. Vipande laini vya jeli ya silikoni vilianza kutumika kwa makovu ya moto katika miaka ya 1980, na madaktari wa ngozi huvipendekeza mpaka leo, vikivaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi kadhaa. Ushahidi wa kitafiti kuhusu nguvu yake si imara, na havitoshi kuondoa keloidi kubwa iliyokomaa. Hata hivyo, havina maumivu na madhara yake ni machache.

TUHUMA YA KUJILIMBIKIZA

Lawama kubwa ya wapenzi wa nywele asilia ni kwamba silikoni hujilimbikiza. Mtazamo huo ulienea kote duniani kufuatia kitabu Curly Girl cha Lorraine Massey, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilichowashauri wenye nywele za mawimbi na za kujikunja kuepuka silikoni na shampuu kali zenye salfeti.

Mambo hayo mawili hushikana. Dimethikoni haiyeyuki katika maji, hivyo haitoki kwa kusuuza tu. Anayeacha shampuu za kawaida na kuosha nywele kwa kondishena pekee, huku akiendelea kupaka silikoni, atazikuta nywele zake zimekuwa nzito, zimelala na hazinyonyi maji vizuri. Anayetumia shampuu ya kawaida yenye povu, utando huo humtoka kwa sehemu kubwa.

Mtindo wa maisha una nafasi yake. Anayeosha nywele kila siku 2 hana sababu kubwa ya kuhofia. Lakini aliyesuka nywele zikakaa wiki 6, kila asubuhi akipulizia seramu ya mng'ao juu ya misuko, hukusanya silikoni, mba, vumbi na jasho mahali pamoja. Kwake yeye, kuosha kichwa misuko ingali kichwani, na kuosha vizuri zaidi mara inapofumuliwa, si hiari.

Kwa upande mwingine, silikoni haizuii kabisa maji kuingia, wala haizifanyi nywele kukatika kwa sumu yoyote. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba mng'ao wake huficha madhara ya pasi na dawa. Mtumiaji huendelea na mazoea yaleyale hadi siku nywele zinapobaki kwenye kitana.

JE, NI SALAMA KWA MWILI?

Minyororo mirefu ya dimethikoni ni mikubwa mno kupenya ngozi nzima, nayo haiingiliani kwa urahisi na kemikali za mwili. Jopo la wataalamu wanaochunguza viungo vya vipodozi nchini Marekani liliihukumu kuwa salama katika ripoti yake ya mwaka wa 2003. Mzio wake ni nadra.

Swali gumu zaidi linahusu silikoni za duara. D4 imeorodheshwa na Umoja wa Ulaya kuwa dutu inayoshukiwa kudhuru uwezo wa kuzaa, kutokana na majaribio ya wanyama. Kuhusu D5, kamati ya kisayansi ya Ulaya inayoshughulikia usalama wa bidhaa za wateja iliamua mwaka wa 2016 kwamba ni salama katika viwango vilivyotumika, isipokuwa katika vipulizo vya kutengenezea nywele na vya kukinga jua, ambapo mtumiaji huweza kuivuta kwa wingi.

Ni sharti pia kutofautisha silikoni ya kupakwa na ile ya kudungwa. Silikoni ya majimaji inayodungwa ili kuongeza ukubwa wa makalio, matiti au midomo ni hatari ya aina nyingine kabisa. FDA ilitoa onyo mwaka wa 2017 kwamba inaweza kusafiri mwilini, kuziba mishipa ya damu na kusababisha kiharusi au kifo. Usalama wa losheni hauwezi kutumiwa kuhalalisha sindano.

Vilevile silikoni haipaswi kuwekwa kapu moja na zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya. Hizo hutumiwa kuchubua ngozi. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Anayeikimbia losheni yenye dimethikoni huku akipaka krimu ya kujichubua isiyo na lebo ameacha dogo akashika kubwa.

MAZINGIRA NA SHERIA

Tuhuma yenye uzito zaidi dhidi ya silikoni inahusu mazingira kuliko ngozi. Dutu zilezile zisizooza katika chupa haziozi upesi katika maji. D5 nyingi huruka hewani, ambako hubomolewa na mwanga na hewa kwa muda wa siku kadhaa. Lakini sehemu inayooshwa bafuni huingia katika maji taka na kujishika kwenye matope ya mito na maziwa. Imepatikana pia katika miili ya samaki.

Nchi hazikukubaliana mara moja kuhusu hatari hiyo. Nchini Kanada, serikali ilikuwa imeiweka D5 katika mashaka, lakini bodi maalumu ya wanasayansi iliamua mwaka wa 2011 kwamba haihatarishi mazingira ya nchi hiyo. Ulaya ilifuata njia nyingine. Mnamo Juni 2018, Shirika la Kemikali la Ulaya liliziorodhesha D4, D5 na D6 kuwa dutu za kutiliwa shaka kubwa.

Kanuni iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya Januari 2018 ilikataza bidhaa za kuoshwa, kama vile shampuu, kuwa na D4 au D5 ya asilimia 0.1 au zaidi baada ya Januari 31, 2020. Kanuni nyingine ya Mei 2024 ilipanua marufuku hiyo hadi D6 na bidhaa zinazobaki mwilini, kama vile seramu na krimu, ambazo zilipewa hadi Juni 6, 2027. Dimethikoni na silikoni nyingine za mnyororo hazikukatazwa.

Kanuni hizo haziwafungi watengenezaji wanaouza nje ya soko la Ulaya. Bidhaa yenye jina moja inaweza kuwa na viungo tofauti kulingana na nchi iliyokusudiwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, lebo ya chupa iliyo mkononi mwake ndiyo shahidi, wala si sifa ya jina.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Viungo huorodheshwa kwa majina ya kimataifa, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vile vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa kwa utaratibu wowote mwishoni. Silikoni hutambulikana kwa mwisho wa jina: maneno yanayoishia kwa herufi cone, conol au siloxane.

Likiwa miongoni mwa majina matatu ya kwanza, bidhaa hiyo ni ya silikoni hasa, hata picha ya nazi ikiwa kubwa kiasi gani. Likiwa karibu na mwisho, limewekwa kidogo ili kulainisha tu. Jina linaloanza kwa cyclo ni la silikoni ya duara, inayoruka hewani.

Anayetaka mafuta ya nazi hasa hana haja ya kuyatafuta ndani ya seramu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 na wanasayansi wa India, Rele na Mohile, ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Silikoni haifanyi hivyo, bali hubaki juu. Viwili hivyo havishindani: kimoja hufanya kazi ndani, kingine nje. Linalofaa kuulizwa ni kama mnunuzi analipia kile anachodhani analipia.

USHAURI KWA MTUMIAJI

Mwenye nywele zilizotiwa dawa au rangi hunufaika zaidi na kondishena yenye silikoni. Aipake kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha, si kwenye ngozi ya kichwa. Mwenye nywele nyembamba atumie kidogo, kwani huzilaza.

Baada ya wiki kadhaa za kutumia seramu, nywele zioshwe kwa shampuu yenye povu la kutosha, kisha zilainishwe upya. Anayeamua kuacha silikoni aanze kwa uoshaji huo, kisha avumilie siku za mwanzo ambapo nywele zitaonekana kavu. Ukavu huo ni hali halisi iliyokuwa imefunikwa.

Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa ajaribu kipodozi kipya kwenye sehemu ndogo ya ndani ya mkono kwa siku moja au mbili. Dawa ya ngozi iliyoandikwa na daktari ipakwe kwanza, ikauke, ndipo krimu ifuate, ili utando usiizuie kufika inakokusudiwa. Vipulizo vitumiwe penye hewa ya kutosha, mbali na pua za watoto.

Mwisho, bidhaa isiyo na orodha ya viungo, tarehe ya mwisho ya matumizi, jina la mtengenezaji wala alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, iachwe dukani. Silikoni inayotambulika kwenye lebo inaweza kupimwa kwa faida na hasara zake. Kisichoandikwa hakiwezi kupimwa na mtumiaji yeyote.